Metali Inayoamsha Haidrojeni

Ndani ya chupa ya maabara kuna kimiminika kiangavu: sodiamu borohaidraidi iliyoyeyushwa majini na kutiwa kostiki soda kidogo, ileile ya watengeneza sabuni. Kimetulia, na kinaweza kukaa hivyo kwa miezi. Kikidondoshewa chumvi ya kobalti yenye rangi ya waridi, papo hapo weusi unatanda na povu linafumka bila moto kuwashwa. Povu hilo ni haidrojeni, na ule weusi ndio kichocheo.

Haidrojeni inasumbua kuihifadhi. Magari yanayoitumia huibeba kwenye matangi yenye mgandamizo unaofika mara 700 ya ule wa hewa tunayovuta. Ukitaka iwe kimiminika, uipoze hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Ndiyo maana wanakemia waliona afadhali kuifunga ndani ya kemikali nyingine, itolewe pale inapohitajika. Gramu 1 ya borohaidraidi hutoa zaidi ya lita 2 za gesi, na linalonistaajabisha hadi leo ni kwamba nusu ya gesi hiyo hutoka kwenye maji yenyewe.

Njia hii ilipatikana Chicago wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani lilipotaka haidrojeni ya kutengenezwa uwanjani. Hermann Schlesinger na Herbert Brown waliona kuwa katika maji matupu mmenyuko huanza, kisha huzorota kadiri alikali inavyozidi. Kobalti ikauhuisha.

Kazi yote hufanyika juu ya uso wa metali. Hapo boroni ya borohaidraidi huachia haidrojeni yenye chaji hasi, maji huachia yenye chaji chanya, nazo zikikutana huungana na kupaa. Metali inabaki palepale ikisubiri nyingine. Kwa hiyo uso ndio mtaji: chembe za nanomita chache huzalisha gesi kwa kasi kubwa kuliko kipande kimoja cha uzito uleule.

Metali ya ruteniamu ni hodari kuliko kobalti, ila ni adimu na ghali mno. Kobalti ni nafuu zaidi, na zaidi ya nusu ya ile inayochimbwa duniani hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, katika mikoa ya Lualaba na Haut-Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya mgodini na sokoni. Watu wa huko wanaijua kwa vumbi na kwa jasho. Wanastahili kuijua pia kwa kemia yake.

Kichocheo nacho huchoka. Borati, yaani mabaki ya borohaidraidi baada ya kutoa haidrojeni, huganda juu yake, na povu lenyewe hubandua chembe.

Mwaka 2001 Chrysler ilionyesha Natrium, gari lililotumia mfumo huu. Lakini mwaka 2007 Wizara ya Nishati ya Marekani iliamua utafiti wa kuuweka ndani ya magari usiendelee. Kobalti haikuwa na kosa kubwa. Mzigo mzito ulikuwa borati, kwa kuwa kuirudisha kuwa borohaidraidi kunakula nishati nyingi, na naona huko ndiko akili nyingi zaidi zingeelekezwa. Zipo maabara zinazoisaga borati pamoja na magnesiamu ndani ya mitungi yenye gololi, saa baada ya saa, hadi magnesiamu inyakue oksijeni na boroni ipokee haidrojeni upya.