Hobie 16: katamarani ndogo kwenye safari ya nchi kavu

Katamarani ni chombo cha tanga chenye mitumbwi miwili myembamba iliyounganishwa kwa boriti za kukingama. Jina lake limetoka katika Kitamil, lugha ya kusini mwa India: kattu ni kufunga na maram ni mti, yaani magogo yaliyofungwa pamoja. Haifai kuchanganywa na ngalawa ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo ni mtumbwi mmoja wenye matengo pande mbili. Katika katamarani mitumbwi yote miwili ni ya ukubwa mmoja, na kila mmoja hubeba sehemu yake ya uzito.

Kati ya katamarani ndogo, iliyoenea zaidi duniani ni Hobie 16. Ilibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Hobie Alter wa kusini mwa California, fundi aliyekwisha kujipatia jina kwa kutengeneza mbao nyepesi za kutelezea mawimbini, zenye povu ndani na faibaglasi nje. Ujuzi huo aliuhamishia kwenye chombo hiki. Kina urefu wa mita 5.04, upana wa mita 2.41, uzito wa kilo 145 na mlingoti wa mita 8.07. Watu wawili hukaa juu ya turubai lililokazwa katikati ya mitumbwi, liitwalo trampolini. Chombo kiliundwa ili kisukumwe majini kutoka mchangani, bila gati wala mashine ya kunyanyulia, na wepesi huohuo ndio unaowafanya wenye nacho wakifunge kwenye trela na kukivusha bara zima.

Mfano mzuri ni barabara kuu namba 10 ya Marekani, inayoanzia Santa Monica kwenye ufuko wa Pasifiki na kuishia Jacksonville, Florida, karibu na Atlantiki. Urefu wake ni kilomita 3,960 hivi. Hupita jangwa la Arizona, hukata Texas kwa zaidi ya kilomita 1,400, kisha huingia katika ardhi ya majimaji ya Louisiana. Katamarani iliyozaliwa California inaweza kutoka bahari moja hadi nyingine kwa siku nne au tano bila kugusa tone la maji ya chumvi. Siku hizo chache, hata hivyo, huweza kuiumiza kuliko miaka kadhaa ya mawimbi.

Upana ndio unaoamua kama chombo kitasafiri kikiwa kizima. Wakati Hobie 16 inabuniwa, upana wa juu ulioruhusiwa kwa magari ya mizigo katika barabara kuu za Marekani ulikuwa futi 8, sawa na mita 2.44, kwa hiyo chombo kilipita kwa sentimita tatu tu. Mwaka 1982 kikomo kilisogezwa hadi inchi 102, karibu mita 2.59. Tornado, katamarani iliyoshindaniwa katika Olimpiki tangu 1976 hadi 2008, haina bahati hiyo: upana wake ni mita 3.02. Hiyo hulazwa kiubavu juu ya trela maalumu lenye fremu inayoinama, au hufunguliwa vipande kila safari na kuungwa upya ufukweni.

Tatizo kubwa zaidi ni namna chombo kinavyobebwa. Majini, uzito hugawanyika kwenye urefu wote wa mtumbwi, na maji husukuma kila sehemu kwa upole. Juu ya trela, uzito uleule hukaa kwenye sehemu nne ndogo, na kila shimo la barabara huzipiga kama nyundo. Ukuta wa mtumbwi wa Hobie 16 ni tabaka mbili nyembamba za faibaglasi zenye povu katikati. Una nguvu sana dhidi ya msukumo uliotandazwa, lakini ni dhaifu dhidi ya pigo la mahali pamoja. Pigo likirudiwarudiwa, faibaglasi huachana na povu. Hapo ukuta hubonyea kwa kidole gumba, nao ni ugonjwa unaojulikana sana kwa vyombo vya aina hii. Kwa hiyo vitako vya trela huwekwa karibu na nguzo zinazobeba boriti, mahali mtumbwi ulipo imara, na hufuata umbo la chini la mtumbwi badala ya kuwa ubao mkavu uliofunikwa kipande cha zulia.

Springi nazo zina neno. Matrela mengi yameundwa kwa ajili ya boti za injini zenye uzito wa mara tatu au nne ya katamarani. Chini ya kilo 145 springi hizo hazikunjiki kabisa, na trela hurukaruka kana kwamba halina springi. Trela lenye springi laini, hata likionekana dogo na la hali ya chini, hulinda chombo vizuri zaidi kuliko trela kubwa la kupendeza.

Mlingoti hushushwa na kulazwa juu ya chombo. Kwa kuwa unauzidi mtumbwi kwa mita tatu, hushikiliwa mbele kwa nguzo iliyosimamishwa kwenye trela na nyuma kwa kitako kilichowekwa penye usukani. Ncha inayotokeza nyuma hufungwa kitambaa chekundu. Nyaya za chuma za mlingoti hukusanywa na kufungwa kila baada ya hatua moja, kwani waya unaochezacheza kwa siku nne hukwangua rangi hadi kwenye faibaglasi. Sukani zote mbili hung'olewa na kupakiwa garini. Matanga huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, hukaushwa, kisha huviringishwa kwa kufuata mwelekeo wa fito zake na kuingizwa ndani ya bomba la plastiki.

Mikanda ya kufungia hupitishwa juu ya boriti za alumini, kamwe si juu ya mitumbwi yenyewe. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo unaogonga uso uliosimama husukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 47 kwa kila mita ya mraba, na lori kubwa linapopita hutupa upepo wa ubavu wa ghafla chini ya trampolini. Mkanda ulionyooka bapa hutetemeka na kuvuma hadi ukalegea. Ukisokotwa mara moja kabla ya kukazwa, hutulia. Baada ya kilomita 30 au 50 za kwanza safari husimamishwa na kila mkanda hukazwa tena, maana chombo kinakuwa kimeshajikalia.

Ndani ya mitumbwi mna hewa, na hewa haitulii. Barabara namba 10 hupanda hadi mita 1,400 hivi inapovuka mgongo wa bara katika New Mexico, na huko shinikizo la hewa ya nje hupungua kwa takriban asilimia 15. Joto la jangwani nalo huipanua hewa iliyofungiwa ndani. Mtumbwi uliozibwa huvimba mchana na kunywea usiku, na viungo vyake huchoka. Dawa yake haigharimu chochote: vizibo vya kutolea maji, vilivyo nyuma ya kila mtumbwi, hutolewa kabla ya safari na kuhifadhiwa mahali pasiposahaulika.

Kinachokatiza safari nyingi, hata hivyo, ni gurudumu la trela. Gurudumu dogo lenye kipenyo cha sentimita 41 huzunguka mara 776 hivi kwa kila kilomita, yaani zaidi ya mara milioni tatu kutoka Santa Monica hadi Jacksonville. Beringi zake huenda zilikwisha kuingia maji ya chumvi ufukweni miaka iliyopita, zikashika kutu kimyakimya. Kabla ya kuondoka hufunguliwa, husafishwa na kujazwa grisi mpya, na njiani kila kituo cha mafuta huwa nafasi ya kugusa kitovu cha gurudumu kwa mkono: uvuguvugu ni kawaida, lakini moto usiovumilika ni onyo. Uzito nao hupangwa ili takriban sehemu moja ya kumi ielemee kwenye gari. Kwa trela na chombo vya kilo 300 ni kama kilo 30. Ukipungua, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. California huruhusu gari linalokokota trela kwenda maili 55 tu kwa saa, karibu kilomita 88, na mwendo huo unafaa hata katika majimbo yasiyoudai.

Safari ikivuka bahari, chombo huingia kwenye kontena, na hesabu hubadilika. Mlango wa kontena la kawaida una upana wa mita 2.34, kwa hiyo Hobie 16 hukwama kwa sentimita saba. Mitumbwi huchomolewa kutoka kwenye nguzo za fremu, kazi inayodai nyundo ya mpira na subira kama chumvi imeshazigandisha. Mtumbwi wa mita 5.04 hutosha kwenye kontena la futi 20, lenye urefu wa ndani wa mita 5.9, lakini mlingoti wa mita nane hautoshi. Hivyo mlingoti ndio unaolazimisha kontena la futi 40. Kwa sababu ya usumbufu huo, mashindano ya dunia ya Hobie 16 huwapa washindani wote vyombo vilivyokwisha kuandaliwa, nao husafiri na mavazi na mikanda yao tu.

Chombo kikifika Florida, trela halitumbukizwi majini mara moja: kitovu chenye moto kikipoa ghafla hunyonya maji hadi kwenye beringi. Kabla ya kusimamisha mlingoti, juu huangaliwa kwanza. Mlingoti wa alumini ukigusa waya wa umeme huua, na ndiyo sababu katika miaka ya 1980 kiwanda kilianza kuweka ncha isiyopitisha umeme juu ya milingoti ya Hobie 16. Ncha hiyo hulinda sehemu ya juu peke yake. Chini yake bado ni alumini. Baada ya matanga na sukani kurudi mahali pake, hubaki vile vizibo viwili vilivyotolewa California. Visiporudishwa, maji huanza kuingia mitumbwini mara tu chombo kinapoacha mchanga.