Waliovuka Usiku

Mkunazini, Unguja, palipokuwa na soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, mgeni huonyeshwa sanamu za watu watano shimoni, minyororo shingoni. Meru, nchini Kenya, hakuna shimo wala mnyororo wa kuonyesha. Kuna masimulizi: kwamba mababu walitawaliwa kama watumwa huko Mbwaa, kisiwa cha pwani, na watu walioitwa Nguo Ntune, yaani Nguo Nyekundu, kwamba mabwana hao waliwatwika kazi zisizowezekana, kama kutengeneza makubadhi yenye manyoya pande zote mbili au kufua mkuki wa kufika mbinguni, kwamba mwishowe walitoroka wakavuka maji. Waliovuka usiku wakawa koo za Njiru, weusi. Wa alfajiri Ndune, wekundu. Wa mchana Njeru, weupe. Historia iliyotunzwa mdomoni namna hii inafaa kuonyeshwa kwa sauti. Ukiibandika ukutani kwa aya mbili, umewanyamazisha wasimulizi wote ili asikike mmoja, yule aliyeandika kibandiko. Msanii wa Kanada, Janet Cardiff, alionyesha njia nyingine mwaka 2001: alirekodi kwaya, kila mwimbaji na maikrofoni yake, kisha akaipiga kupitia spika 40 zilizozunguka chumba. Ukisogelea spika moja unamsikia mtu mmoja, hata kikohozi na soga za kabla ya kuimba. Ukirudi katikati, ni kwaya. Badala ya kwaya, waweke wazee wa Kimeru wa Igembe, Tigania, Imenti na Mwimbi, kila mmoja akivusha watu kwa lahaja yake, na taa zizimwe, maana walioondoka usiku nao walitegemea masikio.

Wapo watakaosema hadithi hii inafanana mno na ya Musa, na huenda imetiwa chumvi ya misheni. Ni hoja nzito. Lakini Musa hana Njiru wala Ndune, na chumvi hujulikana kwa kulinganisha wapishi: wasimulizi wakisikika pamoja, tofauti zao hujitokeza zenyewe. Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine. Sauti hulainisha moyo kabla akili haijauliza swali. Ngoma za Chuka zikilia gizani, mtu ataamini chochote. Ndiyo maana Embu, jirani ya Meru, lazima iwemo. Huko asili husimuliwa kuanzia kwa babu Mwenendega, katika kijisitu karibu na Runyenjes, pasipo bahari wala Nguo Ntune. Spika ya Embu isitengewe chumba chake. Iwekwe nyuma ya msikilizaji, ili maji ya Mbwaa yanapomfika magotini, asikie kisogoni mzee akisema kwamba wao hawakuvuka chochote.