Korodani ya kijana wako: si kila uvimbe ni wa kisu

Mwanao wa miaka 14 akikwambia korodani ya kushoto ni nzito, na akiipapasa anahisi kama minyoo iliyojikunja, usimcheke. Huenda ni varikoseli: mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye korodani imetanuka. Wengi hawahitaji upasuaji. Daktari hupima ukubwa wa korodani kila mwaka; ikiwa ya kushoto imedumaa, ikapungua kwa zaidi ya asilimia 20 ikilinganishwa na ya kulia, au maumivu hayaishi, mishipa hiyo hufungwa kupitia mkato mdogo kinenani. Busha huweza kufuata, kwa hiyo muulize mpasuaji atailindaje mishipa ya limfu. Maumivu makali ya ghafla ni jambo jingine kabisa: korodani huenda imejisokota. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane.