Vepu Ikizima, Betri Yake Haijafa

   Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo, uvute kiti ukae.

Leo hatuzungumzi juu ya chanjo wala lishe. Tunazungumza juu ya betri. Najua utauliza, muuguzi na betri wapi na wapi? Betri ninayoisema ni ile iliyofungiwa ndani ya sigara ya elektroniki, kile kifaa ambacho vijana wetu wanakiita vepu. Kina mama wanaoleta watoto kliniki huniuliza maswali mawili. La kwanza: kitu hiki nilichokipata kwenye begi la kijana, kitakufa lini? La pili: kikishakufa, naweza kumwachia mtoto mdogo achezee? Jibu la swali la pili ni hapana, na sababu yake imo ndani ya jibu la swali la kwanza.

Tuanze kwa kukijua kwa sura. Kuna vepu nyembamba kama kalamu, kuna zinazofanana na flashi ya kompyuta, na kuna za mraba zenye rangi ya waridi au kijani, ukadhani ni chupa ya manukato. Harufu yake ni ya embe, stroberi au peremende, kwa hivyo mama anayenusa shati akitafuta moshi hapati kitu. Ndani mna pamba iliyolowa majimaji, mara nyingi yenye nikotini, mna waya mwembamba, na mna betri. Kijana akivuta, betri inapeleka umeme kwenye waya, waya unapata moto, yale majimaji yanageuka mvuke na kuingia mapafuni. Nikotini hiyo ni ile ile ya tumbaku. Ndiyo inayomfunga mtu akashindwa kuacha.

Sisi wa Suam tuna jambo letu hapa. Ukivuka mto ukaingia upande wa Bukwo, uko Uganda, nchi ambayo sheria yake ya kudhibiti tumbaku ya mwaka 2015 inakataza kuingiza, kutengeneza na kuuza sigara za elektroniki. Upande wetu, sheria ya mwaka 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18 bidhaa za tumbaku, lakini iliandikwa kabla vepu hazijajulikana huku. Mto ni mmoja na watoto wanavuka na kurudi, kwa hivyo usingoje mpaka ukulindie mtoto.

Turudi kwa betri. Sisi tulikulia betri za redio na tochi. Zikiisha nguvu unazitoa, na wengi wetu tunakumbuka zikianikwa juani ili baba asikilize habari za jioni moja zaidi. Betri ya vepu ni ya ukoo mwingine. Ni ya lithiamu, ndugu ya ile ya simu. Haianikwi juani, na haitolewi. Imefungiwa ndani ya plastiki iliyobanwa, haina kifuniko cha nyuma kama simu zetu za zamani. Vepu nyingine za kutupa hazina hata tundu la chaji: betri ilijazwa kiwandani, basi. Nyingine zina tundu dogo chini, la waya ule ule unaochajia simu.

Kwa nini kiwekewe tundu la chaji, halafu bado ni kitu cha kutupwa? Kwa sababu majimaji ni mengi kuliko nguvu ya betri. Ukisoma kipimo kinachoandikwa mAh, simu ya kisasa huwa na 5000 hivi, lakini vepu nyingi za namna hii zina 500 au 650 tu. Ni kama sehemu moja ya kumi ya simu. Inaisha nguvu upesi wakati majimaji bado yapo, ndiyo maana inachajiwa tena na tena.

Umri wa betri ya lithiamu hauhesabiwi kwa miezi peke yake. Unahesabiwa kwa mizunguko ya chaji. Kutoka tupu hadi kujaa ni mzunguko mmoja. Ukichaji nusu leo na nusu kesho, zote pamoja ni mzunguko mmoja. Kwa kawaida betri ya aina hii hutarajiwa kufika mizunguko 300 hadi 500 kabla uwezo wake haujashuka hadi asilimia 80 ya ule wa mwanzo. Kijana anayechaji mara moja kila siku atafika 300 baada ya miezi kumi, na 500 baada ya mwaka mmoja na miezi minne. Na hata hapo haijafa, imechakaa tu. Lakini majimaji ya vepu ya kutupa huisha kwa siku chache au wiki chache. Umeona tofauti hiyo? Majimaji yanakauka betri ikiwa bado kijana kabisa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2023 watafiti wa chuo cha University College London na wa Oxford, huko Uingereza, walitoa betri kutoka ndani ya vepu za kutupa, zile ambazo kiwanda hakikukusudia zichajiwe hata mara moja. Walizichaji mamia ya mara. Moja ilipita mizunguko 700 na bado ilibeba zaidi ya asilimia 90 ya nguvu yake. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa vepu za kutupa kuanzia tarehe 1 Juni 2025, na taka hizo zilikuwa sababu mojawapo.

Kwa hivyo, mama, ile vepu iliyomulika taa mara kadhaa ikazima, kijana akaitupa nyuma ya choo, haijafa. Imekauka majimaji, au betri imefika mahali ambapo kifaa kinakataa kuitumia. Ndani bado mna umeme kidogo, na mna kemikali inayoshika moto ikipasuliwa.

Kinachoua betri hizi mapema ni joto. Na watoto wetu huficha wapi vitu? Juu, kati ya boriti na mabati. Jua la saa saba mchana juu ya mabati ya Januari mnalijua nyinyi wenyewe. Betri iliyokaa hapo inazeeka haraka, na inaweza kuvimba. Kuiacha tupu kwa wiki nyingi pia kunaiharibu, na hatari inakuja mtu akiirudisha kwenye chaji baada ya hapo. Baridi nayo huipumbaza tu: asubuhi za baridi za Mlima Elgon betri iliyochoka huonekana imekufa, ikipata joto la mfukoni inafufuka. Nawaambia haya si kwa sababu nataka mjue kutunza vepu, la hasha. Nataka msidanganyike na kitu kilichozima.

Kuna faida nyingine ya kujua umri wa betri. Kama kifaa ni kipya na kijana anakichaji kila siku, betri haina kosa. Ni yeye anayevuta kutwa. Chaji moja ya betri ndogo namna hiyo ni vuta nyingi sana. Mama anayeona waya wa simu ukitoweka kila jioni wakati simu iko mezani, amepata jibu ambalo hata daktari angehitaji kuuliza.

Sasa hatari ya kuchaji kwa siri. Kijana hawezi kuchaji vepu sebuleni mbele ya baba yake. Anaichaji usiku, chini ya blanketi, au kati ya godoro na ukuta, na wale wa bweni hivyo hivyo. Betri inayochajiwa hutoa joto, na joto likikosa pa kwenda linarudi ndani. Ndani ya betri kuna karatasi mbili za chuma zilizotenganishwa na utando mwembamba wa plastiki. Utando ukiyeyuka au ukitoboka, pande mbili zinagusana na betri inajichemsha yenyewe mpaka ilipuke au iwake. Huko Marekani, idara ya serikali ya kuzuia moto ilihesabu visa 195 vya vepu kuwaka au kulipuka kati ya mwaka 2009 na 2016, na watu 133 waliumia. Karibu robo ya visa hivyo vilitokea kifaa kikiwa kwenye chaji. Ukilinganisha na vepu zilizouzwa, visa ni vichache, sitaki kuwatisha bure. Lakini godoro la sponji likishika moto katika nyumba ya chumba kimoja, uchache huo hausaidii mtu.

Zijue dalili. Kifaa kimevimba au ganda limeachana. Kina joto wakati hakitumiki. Kinatoa harufu kali tamu kama ile ya kuondolea rangi ya kucha. Kinalia kama sufuria inayotaka kuchemka. Ukiona mojawapo, kisiguswe kwenye chaji tena. Kama ni salama, zima stima ukutani kwanza. Kikiwa kimeanza kutoa moshi, toa watoto nje, kwa sababu moshi wa betri ya lithiamu ni sumu. Maneno haya yanafaa pia kwa simu na spika ndogo za chaji, maana betri ni za ukoo mmoja.

Mtu akiungua, weka sehemu hiyo chini ya maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si unga, si mafuta ya kupikia. Kila juma tunasugua dawa ya meno kutoka kwenye vidonda vya moto, na mtoto analia mara mbili. Baada ya maji, funika kwa kitambaa safi uje kituoni.

Nimefika kwa mtoto mdogo, na hapa naomba usikivu. Mama mmoja alikuja kliniki, mtoto wa miezi kumi na minane ameshika kitu cha rangi ya waridi, anakitia mdomoni kama chuchu. Ilikuwa vepu iliyozima ya kaka yake. Mama alijua ni kitu cha sigara, lakini aliona kimekwisha. Pamba ya ndani haikauki kabisa. Majimaji yaliyoandikwa 5% yana karibu miligramu 50 za nikotini katika kila mililita, na kiasi kidogo sana kinatosha kumwangusha mtoto wa umri huo. Mwaka 2014, katika jimbo la New York, Marekani, mtoto wa mwaka mmoja alifariki baada ya kumeza nikotini ya majimaji.

Mtoto aliyenyonya vepu au kumeza majimaji yake atatapika, atatokwa na mate mengi na jasho, atapauka, ataregea, na ikizidi atapata degedege au kupumua kwa shida. Usimtapishe. Usimpe maziwa. Najua maziwa ndiyo dawa ya kila sumu katika boma zetu, lakini hapa usimpe kitu mdomoni. Futa mdomo kwa kitambaa, na kama majimaji yamemwagika kwenye ngozi au jicho, osha kwa maji mengi. Mkimbize kituo cha afya kilicho karibu, hata kwa bodaboda, na ubebe kile kifaa ili tuone kilichoandikwa. Usingoje dalili zianze.

Najua pia hasira ya mama. Ukiikuta vepu ndani ya sare ya shule, mkono unaitupa jikoni motoni. Tafadhali usiitupe. Betri iliyofungiwa ikipata moto inalipuka, na anayeinama kwenye jiko ni wewe. Usiiponde kwa nyundo, usiitupe kwenye shimo la takataka mnalochoma Jumamosi, wala usiiache mahali vijana wataifungua watoe betri ya kuwashia taa. Wapo wanaofanya hivyo, na betri iliyong'olewa haina tena kile kifaa kidogo cha kuizuia isijae kupita kiasi.

Chukua mkebe, utie mchanga mkavu, ufukie humo vepu, na kifuniko usikikaze. Uweke nje ya nyumba, kivulini, juu pasipofikiwa na mtoto. Chama cha kina mama kinaweza kuwa na mkebe mmoja wa kijiji, na vikijaa mtafute anayekusanya taka za elektroniki. Huko Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kinachopokea betri na simu mbovu.

Na yule kijana? Kumnyang'anya ni hatua ya kwanza tu. Siku chache za mwanzo atakuwa na hasira, kichwa kitamuuma, hatalala vizuri. Hayo ni mapepo ya nikotini yakitoka, si utovu wa adabu peke yake. Mlete tuzungumze naye, bila polisi na bila kumuaibisha mbele ya wenzake. Ukitaka ushauri kwa simu, piga 1192, nambari ya NACADA, haitozwi pesa.

Mkija kliniki na swali juu ya haya, ulizeni hata kama foleni ni ndefu. Wiki ijayo, minyoo. Kwaherini kwa sasa.