Vikundi vya Kusaidiana kwa Wagonjwa wa Mesotelioma na Familia Zao

Mesotelioma ni saratani ya utando unaozunguka mapafu na, kwa nadra zaidi, ule wa tumboni. Chanzo chake kikuu ni kuvuta nyuzi za asbesto, madini yaliyotumika sana katika ujenzi wa meli na mapaa, na kuzuia joto kwenye mabomba. Kwa kawaida hujitokeza miaka 20 hadi 50 baada ya mtu kuvuta nyuzi hizo. Hivyo wengi huugua wakiwa wamekwisha kustaafu, na huenda kampuni iliyowaajiri haipo tena.

Nchini Uingereza, ambako matumizi ya asbesto yalipigwa marufuku mwaka 1999, ugonjwa huu huua watu zaidi ya 2,000 kila mwaka. Hata hivyo, mgonjwa mmoja mmoja anaweza kutibiwa miezi mingi bila kukutana na mwenzake. Vikundi vya kusaidiana vya huko huuondoa upweke huo. Wanachama huelezana jinsi ya kuishi na kukosa pumzi, na hali ya mtu anapotolewa maji kifuani.

Familia nazo zina mzigo wao. Wapo wanawake waliougua kwa sababu ya kufua nguo za kazi za waume zao, na mume huweza kujilaumu kwamba ndiye aliyeleta vumbi nyumbani. Aidha, mwenye kuuguza huogopa kutaja hofu zake mbele ya mgonjwa. Kwa hiyo inafaa wauguzaji wapate pia kikao chao peke yao.

Jambo jingine ni haki. Huko Uingereza, kwa kawaida madai ya fidia hufunguliwa ndani ya miaka mitatu tangu mtu ajue ugonjwa wake, na sheria ya mwaka 2014 iliweka malipo kwa wale ambao mwajiri wao au bima yake haipatikani. Katika England na Wales, kifo kinachotokana na mesotelioma huchunguzwa kisheria. Familia isiyojua hilo hushtuka wakati wa msiba. Iliyoelezwa mapema hujiandaa.

Kikundi hakichukui nafasi ya matibabu wala tiba shufaa. Tena wanachama hufariki, na kila kifo huwagusa waliobaki. Mwongozaji awe tayari kuomboleza pamoja nao. Asiyependa kuhudhuria asilazimishwe.

Mhudumu wa afya ataje kikundi tangu siku za mwanzo, na akirudie baadaye, kwa maana siku ya kupokea majibu mengi hayasikiki. Asiyeweza kusafiri kwa kukosa pumzi aunganishwe kwa simu. Nawe mgonjwa, ungali na nguvu, andika mahali pote ulipofanya kazi, miaka yake na majina ya wenzako. Karatasi hiyo huenda ikawafaa jamaa zako wakati ambapo wewe huwezi tena kueleza.