Popo wa Machimboni

Watoto wa Kampene wote wanamjua popo. Jua likitua, yeye huamka. Huruka juu ya migomba na miembe akitafuta chakula, na kabla ya mapambazuko hurudi kulala, miguu juu, kichwa chini. Watu wengine humwita ndege kwa sababu ana mabawa. Lakini popo hatagi mayai. Huzaa mtoto na kumnyonyesha. Basi popo ni mnyama.

Muumba amempa popo kazi njema. Popo wengine hula mbu na wadudu wengi usiku. Wengine hula matunda na kuangusha mbegu mbali, hata miti mipya ikaota msituni.

Lakini mwilini mwa popo mna wageni wadogo mno, wasioonekana kwa macho. Wageni hao huitwa virusi. Kirusi hakili wala hakinywi. Huingia ndani ya mwili wa kiumbe kingine, na humo hujinakili, kimoja kikawa vingi. Kila kirusi kina maandishi ndani yake, kama kitabu kidogo. Kirusi kiitwacho Marburg kina herufi karibu 19,000.

Fikirini habari za darasa. Mtoto wa kwanza ananakili somo kutoka ubaoni. Wa pili ananakili kutoka daftari la wa kwanza, na wa tatu kutoka daftari la wa pili. Mmoja akikosea herufi, wote wanaomfuata watakuwa na kosa lile lile, tena wataongeza makosa yao. Mwalimu akiyakusanya madaftari atajua nani alinakili kwa nani. Virusi navyo hukosea katika kujinakili. Kwa hiyo, baada ya miaka mingi, virusi vya jina moja huwa na koo mbalimbali, kama vile Warega walivyo na koo zao.

Kirusi cha Marburg kilipata jina lake mwaka 1967. Mwaka huo watu wa mji wa Marburg, katika Ujerumani, waliugua baada ya kushika tumbili walioletwa kutoka Uganda. Katika Ulaya watu 7 walikufa. Wakati ule hakuna aliyejua kirusi hicho hukaa wapi.

Miaka mingi ikapita. Kisha ugonjwa huo ukatokea Durba, karibu na Watsa, kaskazini-mashariki mwa Kongo. Huko watu huchimba dhahabu, kama wafanyavyo watu wengi katika nchi ya Kampene. Tangu mwaka 1998 hata mwaka 2000 watu 154 waliugua. Walipata homa kali, wakatapika, na wengine wakatokwa na damu. Watu 128 walikufa. Wengi wa wagonjwa walikuwa vijana wachimbaji. Mganga mkuu wa eneo hilo naye aliwahudumia wagonjwa, akaambukizwa, akafa mwaka 1999.

Waganga waliuliza: Je, ni mtu mmoja tu aliyeupata ugonjwa na kuwaambukiza wengine wote? Wakachukua damu ya wagonjwa na kuyasoma maandishi ya virusi, kama mwalimu asomavyo madaftari. Kumbe hawakukuta ukoo mmoja. Walikuta koo zisizopungua 9! Basi ugonjwa haukutoka kwa mtu mmoja. Uliingia kwa watu mara nyingi, kila mara kutoka mahali pa kujificha. Mahali penyewe palikuwa machimbo ya Goroumbwa, yenye popo wengi. Mwaka 2000 maji yaliyajaza machimbo hayo. Watu hawakuweza kuingia tena, na ugonjwa ukakoma.

Ushahidi mwingine ulitoka Uganda. Mwaka 2007 wachimbaji wa Kitaka waliugua Marburg. Wataalamu wakavaa mavazi ya kujikinga, wakaingia shimoni. Mle walikaa popo zaidi ya 100,000 wa namna ile inayokula matunda na kulala mapangoni. Katika kila popo 100 waliopimwa, karibu 5 walikuwa na kirusi cha Marburg, na virusi hivyo navyo vilikuwa vya koo mbalimbali. Popo wenyewe walionekana wazima. Mwaka 2009 habari hizo zilitangazwa ulimwenguni.

Watu wa machimbo ya Kitaka walikuwa wamekwisha kuamua kuwaua popo wote. Je, walipona? Hapana. Mwaka 2012 ugonjwa ulitokea tena katika mji wa Ibanda, ulio karibu. Wataalamu walirudi Kitaka, wakakuta popo wachache wamekwisha kurudi. Safari hii, katika kila popo 100, walio na kirusi walikuwa 13! Kuwaua popo hakukuuondoa ugonjwa. Popo wageni waliingia mahali palipoachwa wazi, na virusi vikaenea kwao.

Kwa hiyo, watoto, msimwue popo bure, wala msimchezee. Msiingie katika mapango na mashimo yanamolala popo. Mkimwona popo mgonjwa au mfu, msimshike kwa mikono. Msile tunda lililoumwa na popo. Mtu akitoka machimboni akashikwa na homa kali, apelekwe upesi kwa waganga, wala asifichwe nyumbani. Akifa, msiuguse mwili wake. Waacheni wenye mavazi ya kujikinga wamzike kwa heshima.

Mungu amempa popo usiku na pango. Mwanadamu amempa akili, ajue mahali pa kupita na mahali pa kuacha.

MASWALI

1. Kwa nini popo si ndege?
2. Popo huusaidiaje msitu?
3. Kwa nini virusi vya jina moja huwa na koo mbalimbali?
4. Koo 9 za Durba ziliwafundisha waganga neno gani?
5. Watu wa Kitaka walipowaua popo, mambo yalikuwaje baadaye?