Kalenga: tunatazama fuvu, tunausahau ukuta

Abiria wa daladala za Mwenge na Tegeta, wilayani Kinondoni, hupita kambi ya jeshi ya Lugalo kila siku, na wengi wanajua jina hilo limetoka Uhehe, ambako tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, liliangamiza kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski. Namna walivyoshinda ndiyo isiyosemwa sana. Hapakuwa na ngome. Wahehe walijificha porini kando ya njia, wakauacha msafara mrefu uingie katikati yao, mizinga ingali mizigoni, kisha wakachomoka na mikuki kabla askari wengi hawajapata nafasi ya kufyatua zaidi ya risasi moja au mbili. Ilikuwa kazi ya dakika chache, na Zelewski hakutoka hai.

Miaka mitatu baadaye, mashujaa haohao waliwasubiri Wajerumani nyuma ya ukuta wa Kalenga, ngome kuu ya mawe na udongo. Gavana von Schele akatanguliza mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 Tom von Prince akaongoza askari kuuparamia. Ngome ikaanguka, na akiba kubwa ya baruti ikatekwa. Kwa hiyo nasema Kalenga tunaitembelea nusu. Mgeni hupelekwa moja kwa moja makumbushoni kwenye fuvu la Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani na Gavana wa Kiingereza Twining mwaka 1954, naye huinama kwa heshima inayostahili. Lakini masalia machache ya ukuta, yenye somo gumu zaidi la vita vile, anayapita tu. Atasema mtu kwamba ukuta ulijengwa kwa ajili ya maadui waliozoeleka, na kwamba mji wenye wanawake, watoto na ng'ombe haufichiki porini. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito. Ila tazama yaliyofuata: Mkwawa asiye na ngome, akilishwa na kufichwa na watu wake, aliwasumbua Wajerumani karibu miaka minne, hadi alipojiua kwa risasi Julai 1898. Basi mstari wa ukuta uwekewe alama ardhini, mgeni autembee kwa miguu kabla ya kuingia makumbusho, naye ajiulize: mshindi wa Lugalo aliuamini ukuta ule, au alishindwa kuwaacha waliokuwa ndani yake?